Pima, Bima na Cheti Changu Kibovu

Kaeni. Chai inakuja. Nyinyi mliokunja vyeti vyenu mara nne ili visionekane, msione haya, mmefika kwa mwenzenu.

Wiki iliyopita alikuja binti anayesoma chuo hapa mjini. Akaniambia, awowe, yaani babu, nataka kazi Nairobi kwenye benki za uwekezaji, zile zinazoamua biashara gani ipewe mtaji na ipi ifungiwe mlango, lakini gredi zangu ni mbaya na wenzangu wananicheka. Akataka nimpe siri. Watu hudhani kwamba mzee aliyestaafu baada ya kazi hiyo lazima ana siri ameificha chini ya mkeka. Nikamwambia anipe siku mbili nifikiri. Nimefikiri, na kilichonijia si siri, ni ng'ombe. Basi nitawapa ya ng'ombe, na asiyetaka ng'ombe anywe chai yake aende salama.

Nianze na cheti. Changu kilikuwa kibovu kuliko vyote mlivyobeba. Msinihurumie mkasema ni vita. Ni kweli tulifanya mtihani wakati wa vita, lakini wenzangu waliofanya chumba kimoja nami walipita. Mimi nilikuwa mvivu, basi. Hesabu nilipata alama za huruma, na Kiswahili, lugha ninayowaandikia leo kwa maringo, nilianguka kifudifudi. Nilirudi nyumbani nikiitwa bado mwanafunzi, eti nasubiri kurudia mtihani, na mama yangu akaanza kunituma maziwa sokoni ili angalau miguu yangu ifanye kazi.

Vita vyenyewe nyinyi mmevisoma kwa kurasa mbili. Baadhi ya watu wetu walitaka mkoa huu ujitenge, serikali ikakataa, bunduki zikaanza kusema, na sisi wengine tukabaki katikati tukitafuta sukari. Barabara ilifungwa na kufunguliwa bila sisi kuulizwa. Gari halikutoka peke yake, ilikuwa ni msafara, askari mbele na askari nyuma. Jioni kila mtu kwake. Wazee wetu walikuwa na maneno mawili ya kupima dunia: nabad iyo caano, amani na maziwa, halafu vita na ukame. Miaka ile tulikuwa kwenye lile la pili. Hata hivyo nikiwaambia kwamba naikumbuka kwa mapenzi, mtaniona nimechanganyikiwa. Lakini nilikuwa kijana, na Alhamisi ilikuwa ikija.

Alhamisi ndiyo siku benki ilipokuja Garissa na msafara. Benki yenyewe, msicheke, ilikuwa Landrova moja, meza ya kukunja, sanduku la chuma na Bwana Pinto. Bwana Pinto alikuwa Mgoa wa Mombasa, mtu mnene hasa, aliyefunga tai katika jua letu na kuilowesha kwa jasho mpaka ikageuka rangi. Kazi yake ilikuwa kuwapa mtaji wafanyabiashara wa mifugo. Mtu apate cha kununulia ng'ombe hapa, awavushe mto Tana, akawauze huko Kenya. Ndiyo, tulisema hivyo. Ukivuka daraja umeenda Kenya. Wazee bado wanasema, na mimi nikijisahau nasema.

Tatizo la Bwana Pinto lilikuwa moja tu: hakujua ng'ombe ana thamani gani, na soko letu halikukusudia kumwambia. Mmewaona mababu zenu wakiuziana. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono, dalali anatupa shuka juu ya viganja vyao, na bei inazungumzwa kwa vidole humo ndani. Kidole kimoja, viwili, kiganja kizima. Hakuna anayefungua mdomo. Kisha shuka inaondolewa, ng'ombe amepata mwenyewe mpya, na Bwana Pinto amesimama pale na kalamu yake hajaandika kitu.

Akatangaza kwamba anataka mtu anayejua Kiswahili na mifugo. Tulijitokeza watatu. Wenzangu wawili walikuwa na vyeti vya kuning'inizwa ukutani, na mmoja alikuwa amepaka viatu rangi. Bwana Pinto aliweka kando ripoti yangu ya zamani ya shule, akasoma cheti changu, akakigeuza kuona kama nyuma kuna habari njema, akaniuliza kwa upole kama siku za mtihani nilikuwa mgonjwa. Nikamwambia hapana, nilikuwa mvivu. Halafu akatupeleka sokoni, akatuonyesha watu wawili walioshikana chini ya shuka, akasema atakayemwambia bei wanayopatana ndiye atakayechukua kazi.

Wenzangu walibahatisha. Mimi nilijua, au karibu nijue, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kuangalia kiwiko: mtu akishika kidole kimoja kiwiko hakisogei, akishika kiganja kizima kinashuka. Lakini aliyenifundisha alikuwa dalali mwenyewe, Mzee Shale, na alikuwa pale pale akitafuna mswaki wake na kuniangalia. Nikamwambia Bwana Pinto kwamba iliyo chini ya shuka ni amana ya watu wawili, siwezi kuitoa. Ila akinipa ruhusa nimpime fahali mwenyewe, nitamwambia anafaa mtaji wa kiasi gani, na wale wawili wakimaliza atalinganisha. Nikampima. Bei ilipotangazwa nilikuwa nimekosea kidogo tu. Bwana Pinto akasema nianze Alhamisi ijayo, kibarua wa siku moja kwa wiki.

Sasa, kupima. Mzee Shale alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, na aliponiona nimepata kazi akanipa. Unamzungushia ng'ombe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, unahesabu mafundo. Kamba inakuambia nyama. Miguu inakuambia kama nyama hiyo itafika: mfuate ng'ombe kwa nyuma, usimtazame usoni, uso wa ng'ombe ni muongo. Na usipendezwe na pembe, kwa sababu pembe haziliwi. Zaidi ya yote, mpime kabla hajanywa. Kuna wafanyabiashara, Mungu awasamehe, walikuwa wanawalambisha ng'ombe magadi asubuhi, wanawapeleka mtoni wanakunywa mpaka wanavimba, saa nne wanakuletea mnyama mnene anayeteka macho. Kesho yake ni mbavu.

Nilikosea mara nyingi. Siku moja mvua ilinyesha, kamba ikalowa, na mimi nikapima kundi zima bila kufikiri. Katani ikilowa hujikunja, inakuwa fupi, kwa hiyo kila ndama siku ile alikuwa na kifua cha fahali. Bwana Pinto akaandika. Mzee Shale aliponiona alicheka mpaka mswaki ukamtoka mdomoni, kisha akanirudisha nipime upya, mbele ya watu wote, ng'ombe baada ya ng'ombe, huku nikiomba radhi kwa wenyewe. Nilikasirika sana. Leo ningetoa nusu ya pensheni yangu nimsikie akicheka vile tena.

Miaka mingi baadaye, nikiwa ghorofani Nairobi, wakaniletea vijana wenye shahada. Walikuwa na akili kuliko mimi, nakubali. Waliniwekea kwenye skrini kampuni iliyotaka mtaji, imenona, inang'aa. Nikawauliza imeanza kunona lini. Wakasema mwezi uliopita. Nikawaambia hiyo imetoka mtoni, tusubiri ikojoe. Walidhani mzee ameanza kuropoka, lakini tulisubiri, na mbavu zikaonekana. Tangu hapo walikuwa wakija kuniuliza, mzee, hii imekunywa? Mbinu zimebadilika, kamba imekwisha, kompyuta inahesabu mafundo yenyewe. Kunywesha bado kupo.

Nimeruka mbali. Turudi kwa Gedi, maana ndiye niliyewaita kwa ajili yake.

Gedi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mrefu mkavu asiyecheka, asiyejua kusoma. Alikuja kwa Bwana Pinto akitaka mtaji wa ng'ombe sitini awavushe mto. Nikampimia wote kabla hawajanywa, mmoja mmoja, kamba ikiwa kavu. Walikuwa wazuri. Alhamisi iliyofuata Bwana Pinto alifika na agizo jipya kutoka makao makuu: kwa sababu ya vita, hakuna mtaji wa mifugo kutolewa mpaka wanyama wawe na bima.

Sasa nisikilizeni vizuri, na wale mliozaliwa ng'ambo ya daraja mtuvumilie. Sisi ulimi wetu hauna ile herufi. Kisomali hakina P. Pesa kwetu ni besa, paka ni baka, na V nayo inatoka F. Kupima tunasema kubima. Wala hatusikii tofauti, sikio nalo ni la kwetu. Na bima, bima ya kampuni ya kulipa hasara, mimi nilikuwa sijawahi kuisikia maishani. Ng'ombe wetu walikuwa na bima ya dua.

Siku ile msafara ulikuwa na haraka, askari wamewasha magari, wanapiga honi. Bwana Pinto alikuwa ameshika fomu kwenye goti ndani ya Landrova. Akaniuliza kwa kupaza sauti kushinda kelele za injini, ng'ombe wa Gedi, bima tayari? Nikamjibu kwa fahari ya kazi nzuri.

"Bima tayari, bwana. Mmoja mmoja, kwa mkono wangu."

Akafurahi. Karatasi yenyewe alidhani itafuata kwa posta, kwa kuwa siku zile karibu kila kitu kilifuata kwa posta. Akaandika kwamba wanyama wana bima, Gedi akabonyeza dole gumba mahali alipoonyeshwa, na msafara ukaondoka kwa vumbi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Mama alikuwa ameninunulia shati la buluu la benki, nikalivua nikalikunja vizuri kwa ajili ya Alhamisi nyingine.

Ng'ombe walikuwa na siku mbili njiani risasi zilipoanza kichakani. Hakuna aliyejua zilitoka upande gani, na miaka ile hukuuliza. Wachungaji walilala chini, alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini ng'ombe walikimbia kila upande na kichaka kikawameza wote sitini.

Benki ikaandika barua kuomba malipo ya bima. Kampuni za bima zikajibu kwamba hazimjui Gedi wala ng'ombe wake. Baada ya wiki tatu, msafara ulipoingia, kando ya Bwana Pinto aliketi mkaguzi kutoka Nairobi, na nyuma yao polisi.

Walimketisha Gedi chini, mbele ya meza, soko zima likitazama. Mkaguzi alisema mtu huyu ameweka dole lake kwenye uongo ili apate fedha, na wakati wa vita swali linalofuata ni moja, fedha hizo zilikwenda kwa nani? Nyinyi hamwezi kujua uzito wa swali lile. Mtu aliweza kupakiwa kwenye lori kwa chini ya hapo, na familia yake isiambiwe lori limeelekea wapi. Gedi aliulizwa kama alisema ng'ombe wana bima. Akasema ndiyo, walibimwa, yule pale aliwabima. Mkaguzi akaona anaendelea kudanganya. Polisi akatoa pingu.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka pale. Mkaguzi alipolitamka lile neno polepole, mara ya tatu, na kueleza kwamba bima ni ahadi ya kampuni kulipa hasara, ndipo nilipoelewa. Nilielewa kabla ya mtu mwingine yeyote. Bwana Pinto alikuwa ameinamisha kichwa, karani wa mkaguzi anaandika, na hakuna aliyekuwa akiniangalia. Ningenyamaza, kazi yangu ingebaki. Ningesema, nilijua watasema nini: huyu ni wa waasi, amewekwa ndani ya benki na wenzake, naye aingie kwenye lori. Niliogopa. Siwezi kuwapambia. Nikamkumbuka mama na lile shati.

Nikasogea mezani.

"Gedi hajasema uongo," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema bima tayari. Nilibima kwa kamba."

Mkaguzi akauliza tangu lini bima ikakatwa kwa kamba. Sikuweza kueleza, kwa hiyo nilichukua kamba nikamzungushia kiti chake, na yeye ndani yake, nikahesabu mafundo kwa sauti. Watu wakaanza kucheka. Mkaguzi alisubiri nimfungue, akaniambia nitaje kazi niliyofanya, kisha nitaje kile kinacholipa hasara.

"Bima," nikasema. "Na bima."

Soko likaangua kicheko. Polisi alicheka, karani alicheka. Gedi hakucheka, wala mimi. Mkaguzi alisema huo ni ujanja mzuri, lakini mtu yeyote anaweza kujifanya hana ulimi, na akaniuliza nina ushahidi gani. Sikuwa nao. Ni Bwana Pinto aliyeinuka, akafungua sanduku la chuma, akatoa faili langu lenye karatasi moja. Ilikuwa ile ripoti yangu ya zamani ya shule, yenye aibu kuliko cheti. Akavaa miwani akasoma maoni ya mwalimu wa Kiswahili, neno kwa neno: mwanafunzi huyu haoni tofauti kati ya P na B, na hataki kuonyeshwa. Tarehe ilikuwa ya kabla ya vita.

Mkaguzi alichukua karatasi ile akaisoma mwenyewe mara mbili. Akamwambia polisi arudishe pingu zake kiunoni. Aliandika kwamba neno halikueleweka, kwamba Gedi hana kosa la uongo na atalipa atakapoweza. Kisha akanigeukia, akasema benki haiwezi kuwa na mtu asiyejua neno bima, na kazi yangu imeishia hapo. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Gedi alisimama, akapangusa vumbi, akapita kando yangu bila kusema asante. Jioni hiyo nikasikia ameingia kichakani na shemeji yake kutafuta ng'ombe kwa miguu.

Alhamisi zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikaa upande wa pili wa soko na kibuyu cha maziwa nikiangalia Landrova ikifika, meza ikifunguliwa, na yule mwenzangu wa viatu vya rangi akipima kwa kamba mpya. Aliwapima baada ya kunywa. Nilitamani kupiga kelele. Mzee Shale peke yake alikuwa anakuja kuketi nami, anatafuna mswaki, ananionyesha kwa kidevu ng'ombe huyu na yule na kuniuliza mafundo mangapi. Nikijibu anaitika au anatikisa kichwa. Ilipita hivyo miezi miwili.

Kisha Alhamisi moja Gedi akatokea na ng'ombe ishirini na watatu. Amekonda, wao wamekonda, miiba imewachana wote. Angeweza kuwapeleka nyumbani, nani angemuuliza? Aliwaswaga moja kwa moja mpaka mbele ya meza ya Bwana Pinto, akasema hawa ndio waliopatikana, benki ichukue haki yake. Bwana Pinto akamwita mpimaji wake mpya. Gedi akasimama katikati yake na ng'ombe.

"Huyu asishike ngombe yangu," akasema. "Leta ule kijana wa kwanza."

Bwana Pinto akamwambia yule amefukuzwa, hata maneno ya kazi hawezi kuyatamka. Gedi alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. Akaangalia meza, akamwangalia mpimaji mpya na watu wa soko.

"Ile siku nyinyi nyote mlikuwa na maneno fizuri," akasema, "na mkanyamaza. Yeye ndiye alisema."

Bwana Pinto alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai yake. Halafu akaniita kwa jina langu kutoka upande ule wa soko, nikaweka kibuyu chini, nikaenda nikawapima, naye akaniandika kazi. Hiyo ndiyo siku niliyoingia benki, wajukuu zangu. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua tu.